Bikoni ya Nne

Pantoni lilitutema Bweni saa moja na robo,
mimi, kaka Mbaruku, na bwana mnunuzi
mwenye viatu vyeupe visivyowahi kuonja umande.
Njia ni fupi, Mbaruku alimwambia,
dakika ishirini, ukipumzika thelathini.
Hakumwambia habari ya upupu.

Tukapanda.
Matumbawe ya kale yamechomoza kwenye udongo mwekundu
kama magego.
Kuna mibono, kuna mikwakwa
yenye matunda magumu kuliko vichwa vya watoto wakaidi,
kuna mkonge uliosahauliwa: shamba lilikufa, wenyewe ukabaki,
kila mmoja na mlingoti wake,
haungoji tena mtu wa kuukata.

Bikoni ya kwanza iko chini ya mpera.
Ya pili imegeuzwa jiwe la kunolea panga.
Ya tatu tuliipata kwa mguu: Mbaruku alijikwaa,
akasema, "Hii hapa,"
kana kwamba ndivyo alivyokusudia kuitafuta.

Nyuma yangu niliisikia pumzi ya mnunuzi
ikija kwa awamu,
kama malipo aliyotuahidi.

Baba alipita hapa na jembe begani
kila alfajiri, miaka thelathini na moja,
na sikumsikia akiitaja bahari
ila siku ya kusema chumvi imeunguza mihogo.
Kwake ilikuwa jirani mwenye kelele.
Kibanda alikijenga mlango ukitazama bara,
ukitazama njia ya nguruwe,
maana mwizi wa mihogo, alisema, hatoki majini.

Kisha kilele, kama kilele ni neno lake;
ni mgongo tu, wa ng'ombe aliyelala.
Miti iliachana ghafla
na bahari ikasimama wima mbele yetu
bila hodi.

Kushoto, mto ulikuwa ukiingia:
mkono wa matope ulionyooka ndani ya buluu
kama wa mtu anayepapasa
kitu kilichoangukia uvunguni.
Kulia, Maziwe lilikuwepo, maji yamekupwa,
ukucha wa mchanga usio na mti wala hati.

Mnunuzi alivua miwani.
Alikaa kimya hata nikamhurumia.
Halafu akauliza, "Na hii, inaanzia bikoni gani?"
"Ipi?"
"Hii." Akaionyesha yote kwa kiganja.

Mbaruku alinitazama. Mimi nikatazama hati,
karatasi iliyokunjwa mara nne, imekatika mikunjoni.
Kaskazini: shamba la Mwanakombo Shekue.
Magharibi: njia.
Kusini: korongo.
Mashariki karani aliacha wazi,
au baba hakuona cha kumtajia.

Bikoni ya nne hatukuiona.
Mbaruku alihesabu hatua kama alivyofundishwa
alipokuwa na miaka kumi,
mia moja na themanini kutoka kwenye ya tatu,
akafika ukingoni
akiwa bado na hatua sita za kutumia.
Ama miguu yake imerefuka,
ama mwamba umeliwa.
Chini kabisa mawimbi yalitafuna
taratibu, kama mwenye shamba.

Mnunuzi hakubishana bei.
Aliongeza, hata, pasipo kuombwa.
Mbaruku akampa mkono, nami nikampa,
kwa sababu Januari ina ada ya mwanangu
na mihogo haijui kusoma kalenda.

Tukashuka njia ile ile, ikawa fupi zaidi.
Penye mpera nilichuma matatu:
moja la Mbaruku, moja langu, moja nikampa mgeni,
ndipo nikakumbuka kwamba kuanzia leo
yeye ndiye wa kutupa sisi.

Alipokea kwa mikono miwili, ana adabu.
Aliling'ata akigeuka kutazama juu tulikotoka,
kisha akaanza kujikuna shingo,
kwanza kwa kidole,
halafu kwa mkono mzima.

Huo nao haumo kwenye hati.