Tisini na Tisa

Swali la kumi na nne: kipato chako kwa mwezi,
kwa maelfu ya shilingi.
Mama Matika alicheka, mkasi wa zabibu mkononi.
"Mwezi upi, mwanangu? Wa mavuno, au wa mbigili?"
Kisanduku kilikuwa kidogo, kicheko hakikuenea.
Nikaandika 99: hakujibu.

Siku tatu Hombolo, vumbi hadi kwenye meno,
kaya mia na ishirini, kalamu nne zikaisha wino.

Usiku, bwenini mjini, umeme uliporudi,
nikajumlisha, nikagawanya,
nikaona Hombolo imetajirika.
Nikakagua upya. Kumbe ni wao:
waliocheka, walionyamaza,
yule aliyekimbilia ng'ombe katikati ya swali.
Kompyuta imewahesabia elfu tisini na tisa kila mmoja,
imewalipa mshahara wa kimya chao.

Dokta Chiloleti hakunigombeza.
Alivua miwani, akaifuta kwa tai.
"Hiyo 99 iondoe kwenye wastani.
Halafu panda basi, urudi kwao."

Nimerudi na daftari lisilo na visanduku.
Mama Matika ananisogezea kigoda, anaanzia kwenye lumbesa:
jinsi gunia la karanga linavyovishwa kilemba,
likashonwa, likasimama refu kuliko mtoto wake wa pili,
na dalali akaandika: gunia moja.

Naitazama kalamu yangu.

Saa mbili zimepita.
Kwenye shilingi hatujafika.
Naandika.