Mwisho ni Ijumaa

Barua ilikuja Jumatatu, bahasha ya manjano,
jina langu limekosewa: Verma badala ya Verna.
Nikaificha kwenye kopo la shayiri
kwa sababu Toivo hagusi uji
tangu daktari amwambie ale.

Si bima ya moto, hiyo tunayo.
Hii ni dhamana ya vitu vinavyochoka:
boila, friji, nyaya, bomba la jikoni linalokohoa alfajiri.
Dola hamsini na tisa kila mwezi,
na kila fundi akibisha hodi, themanini na tano nyingine
kabla hajafungua hata mkoba.
Tahadhari kabla ya hatari, inasema barua,
kana kwamba hatari ni shangazi yao
na wanajua siku atakayosafiri.

Hapa Duluth, Januari haina mzaha.
Boila ikizima usiku, mna saa chache tu
mabomba yapasuke kama soseji kaangoni.

Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya duka la dawa.
Mwaka, mia saba na nane.
Miaka mitano, elfu tatu mia tano na arobaini,
bila hodi za mafundi.
Boila mpya ni elfu tisa, muuzaji akikuhurumia.
Yetu ina miaka thelathini na mmoja.
Hesabu inasema: nunua.

Kisha nikageuza karatasi.
Maandishi madogo kama mayai ya chawa:
kutu hailipwi. Kilichoanza kuharibika kabla ya sahihi, hakilipwi.
Kisichotunzwa ipasavyo, hakilipwi.
Na nani ameshika mizani ya neno hilo, ipasavyo?
Kwa akina Gunderson, ng'ambo ya barabara,
walikuja, wakapiga picha vumbi, wakaenda zao.
Kwa dada yangu Lorna, kule Hibbing,
walileta friji mpya siku ya tatu, tena kwa tabasamu.
Basi ni mbuzi kwenye gunia.
Wakati mwingine, kweli, ni mbuzi.

Lakini sikuificha barua kwa sababu ya mbuzi.

Miaka arobaini na minne dhamana ya nyumba hii
imekuwa ikikoroma kando yangu.
Toivo alitibu boila za shule, za hospitali, za meli za madini;
aliweka kiganja ukutani
na ukuta ukamwambia unapoumwa.
Sasa kiganja chenyewe kinatetemeka.
Kahawa humwagika kabla ya kufika mdomoni.
Vifungo vya shati namfunga mimi,
huku tukibishana habari za hoki
ili pasiwepo anayefunga wala anayefungwa.

Kununua ni kusema.
Hilo halimo kwenye risiti.
Ni kumwambia mume wangu: nimepata mikono mingine,
ya kukodi, kwa mwezi.

Jana usiku nimechota shayiri,
nikakuta barua imekunjwa kwingine.
Ameisoma. Yote, penseli mkononi,
mwandiko kama nyayo za kuku thelujini.
Kando ya friji, alama ya ndiyo.
Kando ya nyaya, ndiyo.
Bomba la jikoni, ndiyo mara mbili, na tusi la Kifini.
Kando ya boila ameandika:
Hii niachieni.

Hawauzi hivyo, Toivo. Ni yote au hakuna.
Sikumwambia.
Naye hakuniuliza ni mke gani
huficha barua ndani ya shayiri.

Leo Alhamisi. Nje, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Ameshuka chini kwa boila yake,
vidato kumi na vitatu, nimevihesabu kwa sikio.
Kalamu ninayo. Karatasi iko mezani.

Spana imeanguka sakafuni.

Nangoja.
Si ngurumo ya boila ninayoingoja,
ni mlio mdogo unaofuata,
wa chuma kuokotwa.