Hesabu ya Kutoa

Jumamosi, dukani Kutaisi, Tekle ameshika orodha
kwa mwandiko wake mwenyewe: unga, mayai, jibini, chai.
"Soma bei," asema baba. Anasoma.
"Pima." Anaweka nyanya mizanini,
anaongeza moja, anaitoa,
ulimi nje, mithili ya mtu anayetunga uzi sindanoni.

Lari ishirini.
Jibini peke yake inakula kumi na nne.
Vidole vinakunjuka mfukoni mwa koti.

Zurabi anangoja jibu, mwalimu wa Jumamosi
tangu kiwanda kimpunguze mwezi Machi.

Tekle hatamki kitu.
Anarudi hadi kwenye friji,
anailaza jibini palepale ilipokuwa,
lebo ikitazama mbele,
kisha anamuuliza muuzaji, kwa sauti ya kawaida kabisa,
kama mayai huuzwa mojamoja.