Kinyota Kando ya Namba

Mimi ni karani wa mizani, Kitangari,
chama cha msingi, ghala la pili, mlango wa bati.
Najua namba ni nini.
Kilo arobaini na tatu si kilo arobaini na tatu:
ni palizi, ni deni la salfa,
ni mgongo ulioinama miezi miwili
kuokota korosho moja, na moja, na moja.
Ndiyo maana sikuona ajabu
kumtazama Sikudhani Nangomwa akicheza kriketi
huko ugenini, kwenye mashindano ya Afrika,
bila kumwona.

Mtandao ulishika mahali pamoja tu,
kati ya ukuta na pipa la maji.
Picha hakuna. Zilikuja namba, mpira kwa mpira.
Tulitakiwa mia moja na kumi na nane.
Tulikuwa na arobaini na moja, wanane wameshatolewa.
Mkulima mmoja akachungulia begani:
"Hesabu ya nani hii?"
"Yetu," nikasema.
Akaguna, akalisogeza gunia lake mbali kidogo na mimi.

Huyu binti namjua tangu mwalimu Chilumba
aliposimama mkutanoni akatangaza
kwamba kila jioni atawafundisha wasichana gongo.
Mwenyekiti aliruka kitini.
Ikabidi lenyewe liletwe, la mninga, limechongwa hapahapa,
likapita mkono kwa mkono.
Wapo walionusa.
Mpira wa ngozi hatukuwa nao; walirushiana mabibo mabichi,
na sketi yake ya shule ikajaa madoa yale
ambayo sabuni huyasalimia tu na kupita.

Aliingia wa kumi.
Mpira usio na mkimbio, simu huuandika nukta.
Nukta.
Nukta. Nukta. Moja. Nukta.
Mwingine angesema hakuna kitu hapo.
Mimi niliona goti limekunjwa, kiwiko kimeinuliwa,
bibo linalozimwa kimya mbele ya vijiti vitatu.
Nikageuza stakabadhi, nikajaribu kumpima
kwa ile mizani yangu nyingine, nane kwa nane:

    Kaingia Sikudhani, mkononi ana gongo,
    Wanane wako benchini, wameinamisha shingo,
    Hakuangalia chini, hakutishwa na mapengo,
    Mpira ukija ndani, huulaza kwa mpango.

Hapo nikakwama, maana simu iliandika sita.
Niliipayuka, wapagazi wakatua magunia.
Nikatafuta kina: vita, pita, kita. Nikavitupa.
Ikaja nne. Ikaja mbili. Ikaja nne nyingine.
Foleni ilikuwa imevunjika, watu wamenizunguka,
wanauliza nne ni nzuri au mbaya,
na nilipowaambia, wakaanza kuidai
kama wanavyodai malipo ya pili.

Tisini na saba.
Mwenzake wa mwisho aliukimbilia mkimbio usiokuwepo,
akakatwa njiani.
Tukashindwa kwa ishirini.

Mama yake, Bi. Somoe, alikuwa nyuma ya wote.
Hakusogea alipokuwa.
"Wameshinda?"
"Wameshindwa."
"Na yeye, walimtoa?"
Nikatazama tena. Thelathini na nne,
na kando yake kinyota, kidogo kama chawa.
"Hapana. Kinyota maana yake hawakumtoa."
"Kwa hiyo alibaki."
"Alibaki."
Akamkataa mpagazi, akalipandisha gunia mwenyewe,
akasubiri mshale utulie.

Mwezi wa pili mkaguzi alifika kutoka Mtwara,
mtu wa kalamu nyekundu, asiyekunywa chai ya watu.
Alipekua daftari hadi ukurasa ule,
kidole kikasimama.
"Somoe. Daraja la kwanza. Arobaini na tatu.
Na hii nyota? Ni makato?"
"Si makato."
"Basi ni nini?"
Nikamvutia kiti.
Nikaanzia kwenye gongo.