Maelezo ya Ziada

Afande Chiwanga, ulipoandika maelezo yangu
kalamu yako ilikimbia. "Joto lisilo la kawaida,
chumba cha nyuma, saa nane na dakika kumi usiku."
Nikaweka dole gumba kwa sababu nilitaka kurudi nyumbani.
Haya ni yale yaliyobaki.

Julai ya Nkuhungu unaijua. Upepo wa Mlimwa
unapenya hata tundu la msumari.
Mayai mia na ishirini, siku ya kumi na tisa,
ndani ya boksi la friji bovu, jiko la mkaa chini,
sufuria ya maji kwa ajili ya unyevu,
na mimi, Matika binti Ndahani, kila baada ya saa mbili
nagusisha yai kwenye kope. Ndiyo kipimajoto changu:
likichoma, natoa kaa moja; likipoa, naongeza.

Ninyi mlikuwa juu. Sikusikia kitu,
au nilisikia nikadhani ni jenereta la baa.

Tuliambiwa kuta zina masikio,
tukajifunza kunong'ona.
Hatukuambiwa kuta zina homa,
kwamba mtu anaweza kusimama angani
akaligusa paji la nyumba yangu
na kusema: huyu anapika gongo.

Mlango niliununua kwa mavuno mawili ya zabibu.
Teke moja.
Hata mwenye habari ya msiba hupiga hodi.

Saa nzima mlango wazi, mnanusa sufuria.
Maji. Mkainusa tena.
Kijana wenu mmoja akaokota yai, akaliweka sikioni,
akaacha kucheka. Ndani kifaranga alikuwa anagonga.
Yeye peke yake, usiku ule, alibisha hodi.

Kumi na mmoja walitoka. Waliosalia nimewafukia chini ya mzabibu.
Hilo lina bei; mwenyekiti wa mtaa, Mbijili, ameandika barua,
na huenda nikalipwa kabla sijafa.

Lakini ukanionyesha kioo cha mashine yako. Hukupaswa.
Dirisha langu lina nondo na wavu wa mbu tu,
ndege yenu iliinama hapo ikachungulia.
Nyumba zambarau kama bilinganya,
boksi jeupe kama jua, mimi chungwa linalotembea,
na kitandani, upande wa ukutani,
doa la njano, limelala.
"Na huyu wa pili? Umesema unaishi peke yako."
Majirani walishafika. Mama Sechelela
alikuwa na khanga moja na masikio kumi.
Sikujibu. Ukaenda kufunua blanketi.

Dumu la lita tano. Maji ya moto.
Limevikwa koti la Lazaro, vifungo vyote vimefungwa.

Mwaka wa tatu sasa. Nalijaza saa tatu usiku,
nalilaza mahali pake, na hadi alfajiri linapoa
taratibu, sivyo kama alivyopoa yeye, wodini, ghafla.
Sijamwambia padri. Sijamwambia mwanangu aliyeko Singida.
Wewe uliliona kutoka juu, ukaliita mtuhumiwa.

Bibi yangu wa Mvumi aliishi tembeni:
udongo ukutani, udongo juu, unene wa mkono mzima.
Tuliona haya, tukaja mjini tukanunua bati.
Tembe lingenisitiri, afande. Tembe lilijua kunyamaza.

Uliomba radhi, nakiri. Ulilifunika tena dumu
kwa mikono miwili, ukalivuta koti hadi shingoni
kama mtu anayemfunika mgonjwa.
Hilo nililiona pia, na sijamwambia mtu.

Usiku huu nimewasha jiko tena. Vifaranga wanalia boksini.
Dumu liko mlangoni, tupu; nalipita, narudi, nalipita.
Juu kitu kinanguruma, labda jenereta la baa.
Naangalia bati na kuuliza, "Nani?"
kama mtu aliyebishiwa hodi.