Kiti cha Nane

Saa mbili kasorobo, Vancouver, mvua ya Novemba
imeng'ang'ania kioo kama mdai.
Simu imelia: mgeni wa kiti cha nane
ndege yake imekwama Calgary, haji,
na pesa alishalipa, hazirudi.

Kuwahara hapendi pengo kwenye kaunta yake.
Akasukuma pazia la jikoni kwa bega,
akanikuta nimezama povuni hadi viwiko.
"Mbaruku-san. Vua aproni. Nawa. Njoo ukae."
Nilidhani mzaha. Lakini mtu huyu hatanii;
miaka minne sijamwona akicheka na kiumbe
ila na kisu chake.

Nikakaa.
Nikaletewa taulo la moto, limekunjwa kama ubani wa harusi,
taulo nililolikunja mwenyewe saa kumi jioni.

Kisha sahani zikaanza kuja, moja moja,
nami nikaona haya,
kama nesi akutanaye na mgonjwa wake kwenye sherehe, kapendeza.
Mimi nazijua zikiwa tupu.
Ile ya bluu ina ufa wa unywele ubavuni.
Ya kijivu huteleza; ilinikata gumba mwezi wa tatu.
Sikujua kwamba hutoka hivi
zikienda kazini.

Jodari, kipande kimoja,
chekundu kama ndani ya kope.
Kwetu Pangani samaki mbichi ni riziki ya paka;
nikamwomba marehemu mama radhi, nikatia kinywani.
Na wali! Si wa moto, si wa baridi:
una joto la kiganja
cha mtu aliyekusalimu akamaanisha.

Bwana wa kiti cha saba, saa yake nene kama kitasa,
alikuwa akihangaika na vijiti, ngisi anamponyoka.
"Kwa mkono," Kuwahara akasema. "Mkono ndio adabu."
Na mimi, ambaye nchi hii nimejifunza
kula hata ugali kwa uma, watu wasikodoe,
nikanyoosha vidole vitatu
bila kufundishwa na mtu.

"Unashughulika na nini?" bwana akaniuliza.
"Kauri," nikasema.
"Za kale?"
"Za kila rika."
"Unakusanya?"
"Kila usiku."
Akainamisha kichwa kwa heshima, akanisogezea tangawizi.
Kuwahara alikuwa ameinamia mkunga,
mabega yanamtikisika.

Nyuma ya pazia nilimsikia Rodel,
maji yanafoka, anaosha ya watu wawili.
Kila sahani iliyoondolewa mbele yangu
niliisindikiza kwa masikio mpaka sinkini.
Pweza nilimla hivyo, mwili huku, roho kule.

Bei ya kiti kile naijua, imeandikwa mlangoni:
ni mabati kumi na manane, bei ya Tanga.
Na vipande vilikuwa kumi na vinane.
Basi nilikula paa la nyumba ya dada yangu,
bati baada ya bati,
na lilikuwa tamu.
Mungu anisamehe, lilikuwa tamu.

Saa tano wageni wakavaa makoti.
Bwana wa saba akanipa kadi yake, ya karatasi ngumu,
akasema siku moja angependa kuuona mkusanyo wangu.
Nikamwambia, karibu.

Aproni ilikuwa bado mbichi.
Rodel alikuwa amemaliza zote, ila moja
aliyoiacha pembeni, kavu.
"Hiyo yako," akasema, akaenda kuvuta sigara mvuani.

Haikuwa na mabaki. Palikuwa na alama tu
ya sosi ya soya, na kidole changu ndani yake.
Nikafungua maji, nikayafunga,
nikaitazama kidogo zaidi.

Kuwahara akapita na ndoo ya barafu, hakugeuka.
"Hiyo ya bluu," akasema, "angalia ufa."
"Nauona, chifu.
Nauona tangu zamani."