Vitesi ya Pili

Nilikuja na sumaku ndani ya soksi,
tochi, kioo cha kunyolea, na dola elfu tano
nilizozishonea kwenye bitana ya koti
kama mtu anayevuka Kasumbalesa usiku.
Makomeno, geti la kijani.
Chini ya turubai, Pejo 504 ya milango miwili,
usukani kushoto, gia ya mkono,
maua ya jakaranda yamekaukia kwenye wipa.

Lubumbashi nzima sasa inaendesha otomatiki
zilizopanda kutoka Dar na usukani kulia.
Mguu wa kushoto umekuwa mgeni, umelala.
Hii, fundi Kapenda aliniambia kwenye simu,
hii hutaiona ya pili toka hapa mpaka Kolwezi.
Usionyeshe meno. Ukicheka, bei inapanda.

Basi nikanuna. Nikanuna kwa bidii.
Nikapitisha sumaku mlangoni: ikashika.
Kwenye kizingiti cha kulia ikadondoka.
Mastiki, unene wa kidole. Toa mia nne.
Namba ya chesisi na ya injini ni ndugu wa tumbo moja,
si mashemeji. Ongeza.
Saa ya kilomita imelala kwenye 88,412,
imelala mwaka gani, haisemi;
inayosema ni pedali ya klachi,
mpira umelika upande mmoja
kama kandambili ya mtu anayechechemea.
Kisha kifundo cha gia. Si cha kiwandani.
Shaba tupu, kimekerezwa kwenye karakana ya mgodi,
kimeng'arishwa na kiganja kimoja.
Nikaandika kwenye daftari: si cha asili, toa hamsini.

Mama Ngoie Musau alinitazama nikiandika.
Hakuuliza. Akafungua mlango wa abiria,
akakaza kitenge, akaketi,
begi magotini, kama anayekwenda misa.
"Washa."

Iliwaka mara ya tatu, ikakohoa moshi wa bluu
(pete za pistoni; toa mia mbili),
tukatoka. Ya kwanza, sawa.
Nikakanyaga, nikavuta ya pili,
ikasaga meno mpaka mbwa wa jirani akajibu.

"Ngojaka kwanza," akasema, macho mbele.
"Ukitoka ya kwanza, usikimbilie.
Acha mkono katikati. Taja jina la mtu.
Ndipo uvute."
Jina gani, mama?
"Yeye alikuwa anataja langu."

Hajawahi kuendesha, hata siku moja.
Miaka thelathini na moja, kiti hicho hicho,
akisikia jina lake likipita kati ya gia mbili:
kwenda Kipushi kwenye matanga,
kwenda Sendwe na mtoto mwenye homa,
siku za mshahara,
na ile miaka ambayo mshahara ulikuwa hadithi.
Nikasema "Ngoie" kimoyomoyo, kwa haya,
kama anayeazima mswaki.
Ikaingia. Kama kijiko kwenye uji.

Bei yake ilikuwa elfu nne na mia tatu,
mia tatu hizo ni deni la mabati.
Sikupunguza hata moja. Kapenda atanitukana.
Alihesabu noti juani, moja moja,
akatenga mbili zenye mpasuko, nikambadilishia.
Kisha akainama ndani ya gari,
akashika kifundo cha shaba,
akakizungusha kushoto, taratibu, mizunguko tisa,
akakitia kwenye begi, kati ya rozari na simu.
"Hiki hukukitaka," akasema.
"Niliona umeandika."

Sasa niko kwenye taa, mlangoni mwa Kamalondo,
chuma kitupu kinaniuma kiganja.
Ya pili imenikatalia mara nne.
Nimemtaja mke wangu, nimemtaja mama,
nimetaja hata mtakatifu ninayemdai.
Nyuma wanapiga honi, wale wa otomatiki.
Simu inalia. Kapenda:
"Eh! Umenunua? Inafaa ngapi?"

Ngojaka kwanza, namwambia.
Mkono uko katikati.